Tusizifute Nukta Zilizopotoka

Wanafunzi wenzangu, nina neno la kusema. Tuchorapo matokeo ya majaribio, nukta ikikaa nje ya mstari huifuta wengi wetu, nami nimewahi kufanya hivyo. Tabia hii haifai.

Tazameni wapimao madini kwa pigo. Kwa njia aliyoieleza Herbert Kolsky mwaka 1949, kipande kifupi huwekwa kati ya nondo mbili ndefu za feleji zilizo sawa. Moja hupigwa, na wimbi la pigo hukimbia ndani yake kadiri ya kilometa 5 kwa sekunde. Likifika kwenye kipande, sehemu hurudi, sehemu hupita. Siku hizi vipimo vidogo vilivyobandikwa juu ya nondo huandika mibonyeo yote. Wimbi lililorudi huonyesha upesi wa kubonyea kwa kipande. Lililopita huonyesha nguvu iliyokibana.

Hata hivyo mpimaji mwaminifu hasadiki upesi. Hutoa lililorudi katika lililokwenda; baki lisipolingana na lililopita, nguvu za pande mbili za kipande hazijawa sawa, na hesabu ya wakati huo haiaminiki. Hairekebishi ipendeze, husema wazi.

Basi nukta iliyopotoka tuiache, tutafute sababu. Siku magari yatakapogongana, chuma hakitauliza sisi tulitamani jibu gani.