Tarehe 2 mwezi wa nane, bembea zizunguke?



Tangu sheria ya mwezi wa kumi na mbili 2022, tarehe 2 Agosti ni siku ya taifa ya kuwakumbuka Wakongo waliouawa, ile tunayoita GENOCOST. Siku hiyo, mwaka 1998, vita vya pili vilianza. Lakini inaangukia katika likizo kubwa, na viwanja vya michezo vinajaa watoto. Wengine wanasema vifungwe. Sisi hatukubali. Kijana anayesukuma bembea analipwa kwa siku, na mtoto aliyefungiwa nyumbani atashinda akitazama maiti kwenye simu.

Tunachoomba kwa wenye viwanja ni kidogo: saa sita mchana muziki unyamaze, bembea zisimame dakika moja, na mtu aseme kwa nini. Kupunguza bei eti kwa heshima ya wafu, waache. Hiyo ni biashara tu. Katika foleni ile kuna mama aliyekimbia Masisi au Rutshuru. Aliyezika watu wake juzi hahitaji baluni za rangi ya bendera.

Na mtoto akiuliza nani wamekufa, tumjibu palepale. Wa miaka sita atatosheka: watu wetu, vitani. Wa miaka kumi na miwili atataka kujua wapi. Tumwambie: Kasika, Makobola, Kisangani.