The Midnight Gospel: Macho Yanaona Zombi, Masikio Yanasikia Falsafa

Leo seva na hifadhidata zikae kando. Nimeulizwa mara nyingi mno kuhusu katuni za The Midnight Gospel, na karibu kila anayeuliza ameshajijibu: ama ni kazi bora kuliko zote, ama ni porojo za wavuta bangi. Mimi niko katikati, na si kwa kuogopa kugombana na mtu.

Kwa wasiozijua: ni vipindi 8 tu, vilivyotoka Netflix tarehe 20 Aprili 2020. (Huko Marekani tarehe hiyo ndiyo sikukuu isiyo rasmi ya wapenda bangi, kwa hiyo wenye kukejeli walipata pa kuanzia.) Waliozibuni ni Pendleton Ward, yule wa Adventure Time, na mchekeshaji Duncan Trussell. Mhusika mkuu, Clancy, ana simuleta ya ulimwengu iliyochakaa. Anaingiza kichwa ndani, anachagua mwili wa kuvaa, anatua kwenye sayari inayokaribia kuangamia, anamhoji mtu wa huko, kisha anarudi nyumbani na jozi ya viatu vya ukumbusho. Nyuma yake kila kitu kimeteketea. Mashine haifanyiwi matengenezo, kompyuta inamwonya, yeye hana habari. Ukifanya kazi ya programu unamjua huyu mtu. Pengine mnakaa meza moja.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui wanapoanza: sehemu kubwa ya mazungumzo hayakuandikwa kwa ajili ya katuni. Yametolewa kwenye podikasti ya Trussell, watu halisi wakiongea mambo yao, halafu michoro ikajengwa juu ya sauti. Ugomvi wote unaanzia hapo.

Tazama kipindi cha kwanza. Daktari Drew Pinsky anaongea kuhusu dawa za kulevya, ubaya wake na uzuri wake, na kwenye picha yeye ni rais wa Marekani anayepambana na zombi. Damu inaruka, watu wanatafunwa, mazungumzo yanaendelea kwa utulivu kana kwamba hakuna kitu. Unaweza kuniambia huo ndio utani wenyewe. Sawa, nimecheka dakika tano. Baada ya hapo masikio yanavutwa huku, macho kule, na kama Kiingereza cha haraka cha Wamarekani kinakupiga chenga, unasoma pia maandishi yaliyo chini ya skrini. Hizo ni kazi tatu kwa prosesa moja. Aliyezima hapo simlaumu hata kidogo, na nimechoka na mashabiki wanaomjibu kila mkosoaji kwamba "hukuelewa". Alielewa sana. Alichoka tu.

Lakini jamani, kipindi cha tano! Mfungwa anajaribu kutoroka, anauawa, anaamka tena kwenye seli ileile. Anajaribu tena kwa fujo, anauawa, anaamka. Kila mzunguko anabadilika kidogo, na akibadilika naye anafika mbele kidogo. Wakati huohuo ndege aliyefungamana naye, kwa sauti ya Jason Louv, anaeleza mafundisho ya Wabuddha wa Tibet kuhusu kufa na kuzaliwa upya. Hapa picha haipigani na sauti, inaibeba. Ningesomewa maelezo yale bila picha ningesinzia. Nikimwona yule jamaa akirudi mwanzo mara nyingi vile, nikaelewa kwa nini mtu angetamani kutoka kwenye mzunguko, na mimi si Mbuddha wala sina mpango.

Na kile cha nane sijui kama nikisifu au nikukanye. Anayehojiwa ni Deneen Fendig, mamake Trussell, mwanasaikolojia aliyefariki kwa saratani mwaka 2013. Waliporekodi, wote wawili walijua kwamba muda umebaki mfupi. Kwenye picha Clancy anakua kutoka utotoni, mama anazeeka na kufa, kisha mtoto anamzaa mamake. Ukisimuliwa hivi ni upuuzi mtupu. Ukitazama huku sauti ya mama halisi ikimweleza mwanawe kwamba hakuna dawa ya uchungu huu, kwamba atalia tu, hutakumbuka kuuliza nani amezaa nani. Kwetu mgonjwa wa namna ile huambiwa "utapona tu" mpaka siku ya mwisho, na watoto wanaongea naye juu ya mvua na karo. Hawa walikaa wakalitaja jambo lenyewe, kipaza sauti kikiwa wazi. Anayesema hizi ni porojo za bangi, nina hakika hakufika hapa.

Tatizo ni kwamba njia ya kufika hapa inapita kwa zombi. Mwaka 2022 Trussell alitangaza kuwa Netflix haitaendelea na msimu wa pili, na sishangai sana.

Ukitaka kujaribu, usianze na cha kwanza. Anza na cha tano, halafu cha saba, ambapo Caitlin Doughty, mtaalamu wa mazishi, amechorwa kama Kifo chenyewe akizungumzia biashara ya maiti Marekani. Cha nane weka siku ambayo huna kazi kesho yake. Na wazazi, msidanganywe na zile rangi za peremende: watoto wakalale kwanza.