Andiko Husafiri Peke Yake

Tulipata msiba mtaani kwetu mwaka jana. Tangazo liliandikwa kwenye simu haraka haraka, kama ilivyo ada: jina la marehemu, mazishi kesho baada ya sala ya Alasiri, wote mnaombwa kuhudhuria. Tarehe haikuwamo. Siku tatu baada ya mazishi, mzee mmoja wa Muheza alishuka kwenye basi na kanzu yake safi, akaulizia makaburi. Ujumbe ulikuwa umemfikia jana yake jioni. Ulipita kwa rafiki wa mpwa wake, ukaja kwa mpwa, kisha kwake, na kila ulikopita uliendelea kusema "kesho". Tulimkaribisha barazani, akanywa maji, akaomba aonyeshwe kaburi. Kisha akasema, bila hasira, "Mimi nimesoma vizuri, wanangu. Imeandikwa kesho."

Alikuwa amesoma vizuri. Aliyekosea ni mwandishi wa tangazo, mtu mwenye elimu yake, ambaye siku ile aliandika kama anayezungumza na majirani waliomzunguka. Toleo hili la jarida letu linahusu uandishi wa mtandaoni, na nimelifungua kwa msiba huo kwa sababu mashauri mengi wanayopewa waandishi chipukizi hayaligusi kosa la namna hiyo. Huambiwa wavute macho kwa kichwa kikali, wakate sentensi, wachague saa ya kutuma, waweke picha. Baadhi ya hayo yana faida. Lakini mtandaoni andiko hukatwa, hunakiliwa, huvuliwa jina la mwenyewe, kisha humfikia mtu usiyemjua, siku usiyoipanga, na wewe hupo karibu umweleze ulimaanisha nini. Anayetaka kuandika vizuri aanzie hapo.

Pwani yetu ina watu waliolijua jambo hili kabla ya umeme. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Alikuwa mgonjwa, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Tendi za wakati ule ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kunakiliwa kwa mkono, zikienda nyumba hadi nyumba na mji hadi mji. Mtunzi hakuwa na njia ya kujua nakala ingeishia mikononi mwa nani. Basi mwishoni mwa utendi Mwana Kupona alitaja idadi ya beti na mwaka, 1275 wa Hijria. Mnakili akiruka ubeti, hesabu humuumbua. Anayeupata utendi huo leo anajua ulitungwa lini na kama umemfikia mzima. Mama yule, akiwa kitandani na maradhi yake, alimwachia nafasi msomaji ambaye asingemwona kamwe.

Leo kila mwenye simu ni mnakili, na kazi iliyochukua siku kadhaa humalizika kwa kubonyeza mara moja. Kwa hiyo "kesho" iandikwe "Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025". Saa nayo iangaliwe. Simu huonyesha 10:00, sisi tunasema saa nne. Ukiandika "saa 4:00" peke yake, wa Tanga atakuja asubuhi, na ndugu aliyeko Muscat au Minneapolis, aliyezoea kusoma saa kama ilivyo kwenye simu, atasubiri hadi alasiri. Andika "saa 4:00 asubuhi (10:00)" na wote wawili watakuwa salama. Hata fedha husafiri vibaya. Kenya, Tanzania na Uganda zote hutumia shilingi, na shilingi 500 za Kenya ni mlo wa kushiba, wakati 500 za Tanzania ni maandazi mawili matatu. "Serikali imetangaza" ni serikali ipi? UNESCO hukadiria kuwa wazungumzaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200, wa Bukavu na wa Bujumbura wakiwamo. Mwandishi anayesema "nchini kwetu" ana deni la kuitaja nchi.

Kuna herufi moja inayoniumiza kuliko zote, nayo ni h. Wengi siku hizi huandika kama wanavyotamka, na h inadondoka: "apa", "uyo", "ivyo". Kwenye maneno hayo msomaji hujazilizia mwenyewe. Lakini Kiswahili kimeiweka h mlangoni mwa ukanushi. "Hatakuja" na "atakuja" hutenganishwa na herufi hiyo tu. "Hana hatia" na "ana hatia" vivyo hivyo. Programu ya simu inayokagua tahajia haiwezi kukuokoa, maana maneno yote mawili ni Kiswahili sahihi. Nimewahi kurudisha habari iliyokuwa tayari kuchapishwa, inayomhusu mtu aliyeachiwa huru, kwa sababu h ilikuwa imeanguka katika sentensi yake muhimu kuliko zote. Habari ile ingetoka hivyo, ingenakiliwa usiku kucha, na mtu yule angeamka asubuhi akiwa mhalifu mbele ya watu ambao hawajawahi kumwona. Siwezi kuliita hilo kosa dogo, na sitaki mwandishi yeyote wa jarida hili aliite hivyo.

Sarufi yetu ina mtego mwingine. "Mwenyekiti alimwambia katibu kwamba amefukuzwa." Nani amefukuzwa? Mkiwa pamoja barazani, jicho au kidole humaliza utata. Kwenye kioo cha simu hakuna jicho wala kidole. Tulifundishwa shuleni kwamba kurudia jina la mtu katika sentensi ni ulegevu wa mtindo. Katika andiko linalosafiri, rudia jina.

Wapo wanaosema msomaji wa simu hana subira, kwa hiyo tuache kubisha hodi na salamu, tuingie ndani moja kwa moja. Sikubaliani nao. Barua za wazee wetu zilikuwa na salamu. Salamu ilichukua mstari mmoja au miwili, ikafuata "ama baada ya hayo", na jambo likasemwa. Kinachomchosha msomaji ni kuzungushwa: "Imeelezwa kuwa", "Katika kile kinachoonekana kuwa", "Suala zima la". Imeelezwa na nani? Afisa wa afya akisema maji ya kisima fulani yasinywewe bila kuchemshwa, mtaje afisa, kitaje kisima, useme yachemshwe, na hayo yawe katika mistari ya kwanza. Kwenye makundi ya WhatsApp ujumbe mrefu hukatwa kwa maneno "Soma zaidi", na wapo wasiobonyeza. Aya tatu za utangulizi zinaweza kumwacha mtu akinywa maji yale.

Msomaji huyo pia analipa. Amenunua bando kwa fedha zake, pengine la siku moja, na anahesabu. Ndiyo maana naona vichwa vya "Utashangaa!" na "Usiyoyajua kuhusu..." kuwa ni wizi. Mtu anafungua, bando linaliwa, na ndani anakuta jambo analolijua tangu juzi. Kichwa kiseme kilichomo.

Katika hesabu hiyo ya bando, maandishi yenyewe ni mepesi mno. Herufi moja ya Kiswahili huchukua baiti moja, kwa hiyo makala ya maneno elfu moja haifiki kilobaiti 10. Picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa bila kupunguzwa hufika megabaiti 2 au 3, yaani uzito wa makala kama hiyo mia mbili au tatu. Hata hivyo ofisi zetu zina mazoea ya kupiga chapa tangazo, kuligonga muhuri, kulipiga picha, kisha kusambaza picha. Muhuri unaleta imani, hilo nalielewa. Lakini mara nyingi picha hiyo haitafutiki kwa maneno yaliyomo. Ukitaka kujua mwezi ujao ilisema nini, utapekua simu nzima. Na kwa asiyeona, ambaye simu humsomea maandishi kwa sauti, tangazo lililofungiwa ndani ya picha mara nyingi halipo kabisa. Tuma picha yenye muhuri ukipenda, ila chini yake andika maneno yote kamili. Ni kazi ya dakika tano, na sijapata kusikia sababu ya maana ya kutoifanya.

Ukikosea, sahihisha palepale ulipoandika na utaje tarehe ya kusahihisha. Kufuta kimyakimya hakusaidii, kwa sababu nakala zimekwisha kuondoka.

Hapa ofisini tuna desturi iliyotufaa. Kabla ya kuchapisha, tunachukua aya moja kutoka katikati ya makala, bila kichwa wala jina, tunampa mtu ambaye hakuhusika, mara nyingi muuza kahawa wa jirani, kisha tunamwomba asimulie alichoelewa. Hatumuulizi kama imempendeza. Akisimulia jambo ambalo hatukulikusudia, tunaandika upya, hata kama sentensi ilikuwa nzuri. Makala zote za toleo hili zimepita kwake. Mwalimu wa sekondari ameandika jinsi anavyowafundisha wanafunzi wake kuandika matangazo ya shule, muuguzi ameeleza namna ushauri wa chanjo unavyoharibika ukikatwa katikati, na mshairi kijana amejibu swali la kama shairi linaweza kuishi kwenye ukurasa wa simu bila kupoteza vina vyake. Huyo wa mwisho tumebishana naye sana, na bado sijamkubalia yote.

Ndugu msomaji, ukituandikia kwa ajili ya toleo lijalo, tunaomba utaje jina lako, mahali ulipo na tarehe, na ujisomee kwa sauti angalau aya ya kwanza kabla hujaituma. Ukinakili chochote kutoka humu, chukua na jina la aliyekiandika. Neno hili limeandikwa Tanga, mwezi wa Juni 2025. Lina aya kumi na mbili, pamoja na hii.