Mtandao Ukikatika Njia ya Basotu

Barabara itokayo Katesh kwenda Haydom hupita Basotu, karibu na ziwa la jina hilo, katika nyanda zilizopata sifa kwa mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO. Wakati wa kiangazi ni njia ya vumbi isiyomtisha dereva mzoefu. Mvua zikikolea, udongo mweusi wa mbuga hushika magurudumu, na gari lililotarajiwa kufika jioni hulala njiani pamoja na wote waliomo. Nyuma ya vilima na katika njia zinazochepuka kwenda vitongojini, mtandao wa simu hulegea, na mahali pengine hupotea. Wapitao humo wengi ni familia: mama anayerudi kwao kujifungua, baba anayempeleka mtoto katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayopokea wagonjwa tangu mwaka 1955, ukoo mzima unaokwenda msibani.

Familia hizo zinapofikiria njia ya akiba ya mawasiliano, swali la kwanza huwa ni kifaa gani kinunuliwe. Swali hilo limeanzia mwisho. La kwanza lingepaswa kuwa hili: ni nani atakayejua kwamba hatujafika, na akishajua atafanya nini?

Wataalamu wa afya ya uzazi wanaufahamu mfano wa ucheleweshaji wa aina tatu uliotolewa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuipata baada ya kufika. Safari iliyokwama mahali pasipo mtandao ni ucheleweshaji wa aina ya pili, lakini una ubaya wake wa pekee. Walioko njiani wanaamini kuwa wenyeji wao wameanza kuwatafuta. Wenyeji wanaamini kuwa wasafiri wameamua kulala Katesh. Kila upande umetulia kwa sababu ya upande wa pili, na muda wa mgonjwa unakwisha katikati.

Ichukuliwe familia ya mfano: mama mwenye mimba ya miezi minane, watoto wawili na shangazi yao, wanaoondoka Katesh saa nne asubuhi kwenda kijiji kilicho mbele ya Basotu. Kabla ya kupanda gari wanampigia mjomba aliyeko Babati na kumweleza mambo manne: gari ni lipi na namba ya dereva ni ipi, watapita njia gani, wanatarajia kufika saa ngapi, na ikifika saa ngapi bila habari, aanze kuwatafuta. Hilo la nne ndilo husahauliwa, nalo ndilo lenye uzito kuliko mengine yote. Saa hiyo ichaguliwe kukiwa bado na mwanga, tuseme saa kumi alasiri, kwa maana kumtuma kijana wa bodaboda akafuate gari lililokwama si kazi ya usiku wa manane. Mjomba awe pia na orodha ya wa kuwapigia kwa zamu: dereva, mwenyeji wao kijijini, mwenyekiti wa kijiji kilichoko njiani, zahanati iliyo karibu, kisha polisi kwa namba 112.

Kwa mpango huo, hata simu zote za wasafiri zikizimika, kimya chao kinakuwa ujumbe. Hakuna kifaa dukani kinachofanya hivyo kwa gharama ya simu moja ya dakika tatu. Mpango huo una sharti moja gumu kuliko linavyosikika: aliyefika aseme amefika. Familia ikifika salama, ikaketi kunywa chai na kumsahau mjomba, watu wataamshwa bure. Na safari ijayo, pale hatari itakapokuwa ya kweli, hakuna atakayewasha pikipiki.

Vifaa vina nafasi yake, ila baada ya hayo. Kwa familia nyingi, akiba yenye manufaa ni kitochi kilichojaa chaji, chenye laini ya kampuni tofauti na ile ya simu kuu. Kampuni ipi? Waulizwe wakazi wa kule mnakokwenda, wala si muuzaji wa laini mjini. Kitochi hicho kizimwe mpaka kitakapohitajika, kwani simu inayotafuta mtandao usiopatikana humaliza betri upesi. Mtandao ukiwa hafifu, ujumbe mfupi wa maandishi huweza kupita mahali ambapo sauti haipiti. Basi uandikwe mapema, ukitaja mahali, idadi ya watu, hali ya mgonjwa na msaada unaotakiwa, kisha ujaribiwe kutumwa kila mnapofika mwinuko. Namba muhimu ziandikwe kwenye karatasi na zikae mfukoni mwa mtu mzima, kwa sababu simu iliyodumbukia kwenye maji huzama na kumbukumbu zake zote. Viwango vya kimataifa vya simu za mkononi huiwezesha simu kupiga 112 kupitia mtandao wowote ulioko angani, hata usio wa laini yake. Panapokosekana mtandao wa kampuni yoyote, namba hiyo nayo haina msaada.

Kuhusu namba 115, watoa huduma wanapaswa kuwa wakweli kwa wagonjwa. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, umeleta nafuu kubwa: simu ya bure humfikia mratibu, naye hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyeandikishwa. Lakini mfumo huo umebuniwa kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Mtoto wa miaka sita aliyeumwa na nyoka akichunga mbuzi siye aliyelengwa, na familia yake inahitaji kujua mapema dereva wa kumwita ni nani. Katika tukio la namna hiyo, kiungo kilichoumwa kitulizwe kisitikisike, kisichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza, na safari ya kwenda kituo ianze mara moja bila kungoja jibu la ujumbe.

Wapo watakaouliza habari za setilaiti. Vifaa hivyo hufanya kazi kweli. Mtandao wa Iridium, kwa mfano, una setilaiti 66 zinazoizunguka dunia yote, na kifaa kidogo cha ujumbe huweza kutuma neno kutoka mbugani ilimradi anga lionekane. Kwa madereva wa hospitali, timu za chanjo na waongoza watalii wanaopanda Mlima Hanang, ni matumizi ya fedha yenye maana. Kwa familia isafiriyo mara mbili kwa mwaka, ada ya kila mwezi ni mzigo, na vifaa vya aina hiyo vina taratibu za idhini za TCRA zinazopaswa kufuatwa kwanza. Na kuna jambo lisilotajwa katika matangazo. Mwito wa dharura wa vifaa vya Garmin hupokelewa kwenye kituo kilichoko Texas, Marekani. Mpokeaji huko naye lazima amtafute mtu wa hapa mwenye gari, mafuta na ujuzi wa njia. Kwa hiyo hata aliyenunua kifaa cha bei ghali bado anamhitaji yule mjomba. Kadhalika, huduma ya setilaiti iliyomo katika baadhi ya simu mpya hupatikana katika nchi zilizoruhusiwa tu. Asiitegemee mtu kabla ya kuhakikisha kwamba Tanzania imo.

Mjomba wa mfano aliwekwa Babati kwa makusudi. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kufunga barabara. Siku kama hiyo, aliyeachiwa jukumu la kutafuta wengine anaweza kuwa yeye mwenyewe anatafutwa. Ni busara basi mtu wa kupigiwa awe mmoja aliye karibu, anayeweza kutoka nyumbani na kufuata, na mwingine aliye mbali, ambaye mafuriko ya huku hayamfikii.

Uganda ilipata funzo la karibu na hili katika wilaya ya Iganga kuanzia mwaka 1996, wakunga wa jadi walipopewa redio za kuwaunganisha na vituo vya afya. Redio ile ilikuwa na thamani kwa sababu upande wa pili alikuwapo mkunga aliyefunzwa na usafiri wa kumfuata mama. Redio bila vitu hivyo viwili ingekuwa ya kupashana habari za kusikitisha tu.

Hapa ndipo zahanati na vituo vya afya vinapoingia. Mama anayeruhusiwa kwenda nyumbani huelezwa dalili za hatari: kutokwa damu, kuumwa kichwa kikali, degedege, homa. Ni maelezo mazuri, na huishia hapo. Muuguzi akiongeza maswali mawili, kazi yake itakuwa imekamilika zaidi: “Mama, ukizidiwa usiku, nani atapiga simu? Na atasimama wapi ili mtandao ushike?” Katika vijiji vingi jibu la swali la pili linajulikana na kila mtoto: kwenye kichuguu kile, chini ya mti ule, juu ya jiwe la kwa fulani. Jibu hilo liandikwe kwenye kadi ya kliniki pamoja na jina na namba ya dereva, ili mume akiwa hayupo, jirani aliyeitwa usiku akisoma kadi ajue pa kukimbilia.