Mbwa na Joto la Kaskazi

Mbwa wengi wa ulinzi jijini Dar es Salaam hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Katika miezi ya Desemba hadi Machi desturi hiyo huweza kuwaua.

Mwanadamu hupoa kwa jasho la mwili mzima. Mbwa hutoka jasho kidogo tu nyayoni. Hupoa kwa kutweta, na hewa nzito ya pwani huipunguza nguvu njia hiyo. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 za sentigredi. Likipita 41, ubongo na figo huweza kudhurika.

Banda la mabati lililo juani ni tanuri. Liezekwe makuti, au lihamishiwe chini ya mwembe, upepo upate kupita. Mnyororo umwezeshe mbwa kufuata kivuli kinavyohama. Maji yawekwe katika karai zito asiloweza kulipindua. Matembezi yawe alfajiri au usiku, maana lami ya adhuhuri huunguza nyayo.

Ukimwona anatweta kwa kasi, anatokwa na udenda mzito, anayumba au anatapika, usingoje jioni. Mtie kivulini, mmwagie maji mwilini mfululizo na kumpepea, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata akionekana kupata nafuu. Usimfunike gunia lililolowa, kwani huzuia joto kutoka.

Anayetulindia nyumba usiku hana kinywa cha kudai kivuli mchana. Wajibu huo ni wetu.