Tusishangilie ngalawa zisizo zetu

Kila unapoanza mwaka, na tena kila baada ya miezi mitatu, hutangazwa ulimwenguni orodha ya makampuni yanayoongoza kwa kuuza simu za kisasa za mkononi. Orodha hiyo haikawii kufika kwetu. Barazani, katika vijiwe vya Darajani na Mlandege, na hata katika afisi za Serikali wakati wa chai, utawasikia watu wazima na akili zao wakishindana: huyu ni wa Samsung, yule ni wa iPhone, na wa tatu anaapa kwamba Tecno yake haina mfano. Ubishi huo una ladha yake, kama ulivyo ubishi wa mpira, wala hatukusudii kuwanyima watu mazungumzo yao. Lakini inapofika hadi orodha hiyo ikawa ndiyo sababu ya mwananchi kutia mkono mfukoni, au ndiyo sababu ya ofisa kutia sahihi ya kununua vifaa kwa fedha ya umma, tunaona ni wajibu wetu kusema.

Kwanza tuyaangalie mambo yenyewe yalivyo. Kwa hesabu za shirika la utafiti la IDC la Marekani, mwaka 2023 kampuni ya Apple ilitoa simu milioni 234.6, ambazo ni asilimia 20.1 ya simu zote za aina hiyo duniani, ikaipita Samsung ya Korea ya Kusini iliyotoa milioni 226.6. Tangu mwaka 2010, Nokia ya Finland ilipokuwa kileleni, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni isiyokuwa Samsung kushika nafasi ya kwanza kwa hesabu ya mwaka mzima. Mwaka 2024 Apple iliongoza tena kwa simu milioni 232.1, Samsung ikafuata kwa milioni 223.4, Xiaomi ya Uchina ikawa ya tatu kwa milioni 168.5, na nafasi ya nne ikashikwa na Transsion, pia ya Uchina, kwa simu karibu milioni 107. Hiyo Transsion ndiyo mama wa Tecno, itel na Infinix, majina ambayo hapana mtaa wa Unguja wala Pemba usioyajua.

Hizo ndizo namba. Sasa hapana budi tuulize zinapima kitu gani. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kupita skuli tunakumbuka jinsi tulivyoonywa mapema juu ya mizani na vipimo, na fundisho hilo halikuwa la muuza mchele peke yake. Hesabu hizi za IDC si za simu ambazo wananchi wamekwisha kuzinunua. Ni za simu zilizotoka kwa mtengenezaji kwenda kwa wauzaji. Simu iliyomo katika boksi ghalani imo katika hesabu sawasawa na simu iliyomo mkononi mwa mvuvi wa Nungwi. Mashirika mengine yana hesabu zao, na mara nyingi hazilingani na hizi. Tena ukihesabu kwa kampuni utapata jibu moja, na ukihesabu kwa jina la simu utapata jibu jingine, kwa kuwa Tecno, itel na Infinix hujumlishwa pamoja, hali ya kuwa OPPO na vivo, zenye asili moja katika kampuni ya BBK, huhesabiwa mbalimbali. Na ukiacha kuhesabu simu ukahesabu fedha, Apple, inayouza kwa bei kubwa, huwaacha wenzake mbali zaidi. Kwa hiyo swali la nani ni wa kwanza lina majibu mengi, na kila kampuni hutangaza lile linaloipendeza.

Jambo la pili ni kwamba nafasi ya kwanza haidumu, wala haimpi mnunuzi dhamana yoyote. Nokia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndilo jina la simu hapa kwetu, iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft kwa mapatano ya mwaka 2013. Samsung, ikiwa ndiyo inayoongoza dunia, mwaka 2016 ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zake zilikuwa zikiwaka moto. Apple nayo, mwezi wa Disemba 2017, ilikiri kwamba ilikuwa ikizipunguzia kasi simu za zamani ambazo betri zake zimechakaa. Ilisema ilifanya hivyo ili zisizimike ghafla; lakini wenyewe wenye simu hawakuwa wameelezwa waziwazi, na kampuni ikaomba radhi na kupunguza bei ya kubadilisha betri. Aliyekuwa amenunua kwa kutazama orodha tu hakusaidiwa na orodha hata siku moja.

Kisa cha Huawei kina funzo kubwa zaidi. Kati ya Aprili na Juni 2020 kampuni hiyo ya Uchina iliipita Samsung na kushika nafasi ya kwanza duniani kwa kipindi hicho. Lakini tangu Mei 2019 Serikali ya Marekani ilikwisha kuiwekea vikwazo, na simu zake mpya zikakosa huduma za Google, ambazo watu wengi wamezizoea kwa barua, ramani na kupata programu. Mwezi wa Novemba 2020 Huawei ikaiuza Honor, na mwaka uliofuata haikuwamo tena katika tano za mwanzo duniani. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Mwananchi aliyenunua simu Chake Chake hakushauriwa Washington wala Beijing.

Wala uhasama wenyewe si kama unavyoonekana kwa nje. Apple na Samsung walishitakiana tangu mwaka 2011, kila mmoja akidai mwenzake amemwibia ubunifu, na kesi zao za Marekani hazikumalizika mpaka mwaka 2018 walipopatana. Lakini katika miaka hiyohiyo Apple ilikuwa ikinunua vifaa kwa Samsung. iPhone X ya mwaka 2017 ilitumia kioo kilichotengenezwa na mpinzani wake. Mbele ya duka wanagombana, nyuma ya duka wanahesabiana fedha. Wazee wetu walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Vijana wetu wamelitupa jembe na kapu, wakaingia katika ugomvi usiowahusu.

Wako pia ambao hawamo katika orodha yoyote. Betri za simu hizi, iwe ya kampuni ya kwanza au ya mwisho, kwa kawaida hutumia madini ya kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kolwezi, ulio kitovu cha uchimbaji huo, ni mji ambao watu wake wanazungumza Kiswahili kama sisi. Mashirika ya haki za binadamu yameeleza jinsi watoto wanavyochimba na kuchekecha mawe hayo kwa mikono. Kiini cha utajiri kinatoka Afrika, simu inarudi Afrika ikiwa bidhaa ya kununuliwa, na sisi tuliobaki katikati tunabishana ni tajiri yupi kati ya matajiri hao anayestahili sifa.

Twataka ieleweke kwamba hatupingi simu. Simu imemwezesha mkulima wa mwani wa Paje kupokea fedha bila ya kwenda mjini, na imempa mzazi wa Micheweni sauti ya mwanawe aliyeko Muscat. Wala hatuwabezi wafanyabiashara wa Kichina. Transsion iliwashinda wakubwa katika nchi nyingi za Afrika kwa sababu iliwasoma Waafrika: ilileta simu za bei nafuu zenye nafasi ya laini mbili na zaidi, betri za kukaa muda mrefu panapokosekana umeme, na kamera zilizotengenezwa ili zitoe vizuri picha za watu weusi. Tangu mwaka 2011 ikawa na kiwanda cha kuunganisha simu huko Ethiopia. Ndiyo kusema kwamba mtengenezaji huja chini kwa mnunuzi pale anapoona mnunuzi ana mahitaji yake na anayajua. Sharti ni kwamba tuyajue na tuyaseme.

Watatokea watakaosema kwamba watu wengi hawawezi kukosea wote, na kwamba simu inayouzwa sana ni rahisi kuipatia vipuri. Hoja hii ina ukweli, lakini ukweli wake ni wa Darajani, si wa dunia. Linalomsaidia mwananchi ni wingi wa simu hiyo hapa, na fundi wa hapa anayeijua. Inaweza kuwa ya kwanza duniani na kioo chake kikipasuka kikaagizwa kwa gharama inayokaribia bei ya simu nyingine. Orodha ya ulimwengu haijui chumvi ya bahari inavyokula tundu la chaji, wala haijui kwamba betri ikifa Kisiwani Panza mtu hawezi kwenda dukani kwa miguu.

Kuna na madhara ya kupenda jina kuliko kitu. Pale ambapo jina lina thamani kuliko simu, ndipo mwenye kughushi anapopata riziki yake. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ya Tanzania ilizizima simu bandia nchini, na kwa kuwa posta na simu ni mambo ya Muungano, hatua hiyo ilitugusa na sisi wa visiwani. Wengi waliopoteza simu zao hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu wa kipato cha chini waliotaka kuonekana nao wameshika jina kubwa. Mpaka leo mnunuzi anaweza kubonyeza *#06# akaiona namba ya utambulisho wa simu na kuihakiki kabla ya kutoa fedha, lakini ni wangapi wanaofanya hivyo kabla ya kulitazama jina lililoandikwa mgongoni?

Sasa tuseme na maofisa wetu. Serikali siku hizi si mtazamaji katika soko hili, ni mnunuzi. Wahudumu wa afya ya jamii, mjini na shamba, hutumia simu katika kuwafuatilia mama wajawazito na watoto wachanga. Simu ya namna hiyo ikikosa programu mpya za usalama, siri za wagonjwa zimo hatarini. Ikikosa betri, ziara ya mhudumu haikuandikwa. Hapo suala la chapa ipi inaongoza duniani halina maana yoyote.

Umoja wa Ulaya umetuonesha njia, ingawa kwa ajili ya watu wake. Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingizwa katika masoko yake lazima zipatiwe programu mpya kwa muda usiopungua miaka mitano baada ya kuacha kuuzwa, na vipuri muhimu vipatikane kwa miaka saba. Makampuni yaliyodai kwamba mambo kama hayo ni mazito yametii, kwa sababu soko ni kubwa na sheria ni moja. Visiwa vyetu peke yake ni soko dogo. Lakini kwa sauti ya Muungano, na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hatuwi wadogo tena.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila zabuni ya Serikali ya kununua simu ioneshe miaka ya programu za usalama, bei na upatikanaji wa betri na kioo, na mahali pa matengenezo Unguja na Pemba, si Dar es Salaam tu. La pili, vijana wetu wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume na mafundi wa mitaani wapewe mafunzo na vifaa vya kutengeneza simu hizo, na zilizokufa zikusanywe badala ya betri zake kutupwa katika ardhi tunayoichimbia visima. La tatu, na hili halihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje, kila afisi iweke daftari: simu ipi ilinunuliwa lini, iliharibika lini, ilitengenezwa kwa kiasi gani. Baada ya miaka miwili tutakuwa na orodha yetu wenyewe, iliyopimwa kwa mizani yetu, na ofisa atakayeulizwa kwa nini amenunua hii akaacha ile atakuwa na jibu la kuwapa wananchi.

Katika resi za ngalawa watu husimama pwani wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka, na hawakosei, kwani nahodha ni mtoto wa mtaani kwao na ushindi wake hurudi nyumbani. Ngalawa hizi za Apple na Samsung hazina nahodha wetu wala hazitii nanga kwetu. Tuzitazame zikipita, tununue kwazo kile tunachokihitaji kwa masharti tunayoyajua, kisha turudi katika kazi zetu.