Mnunuzi wa Gari Asiachwe Peke Yake

Biashara ya magari yaliyokwisha kutumika imeenea mno nchini mwetu, na mahali pazuri pa kuitazama ni Tunduma, mkoani Songwe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo barabara kuu itokayo pwani inapoingia Zambia. Gari lililoteremshwa melini Dar es Salaam hupita hapo likielekea Lusaka, Lubumbashi au Harare. Dereva aliyelishika usukani si mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi hajapata kuliona ila katika picha.

Yapo basi magari ya namna mbili mjini humo. Moja limelipiwa kodi zote za Tanzania na lina kadi yake. La pili ni mpita njia: halikulipiwa kodi hapa kwa sababu halikukusudiwa kubaki hapa, nalo husafiri chini ya dhamana ya wakala wa forodha mpaka litakapovuka mpaka. Ukiyaweka pamoja chini ya mwembe mmoja, yakiwa yameoshwa yote mawili na kung'arishwa, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Tofauti yao imo katika karatasi. Na kwa karatasi hizo watu wengi wasio na hatia wamepoteza akiba ya miaka.

Tuanze na mnunuzi. Katika desturi zetu gari halinunuliwi na mtu mmoja. Mwalimu au mkulima wa kahawa wa Mbozi anapokwenda kutazama gari hufuatana na fundi wake, shemeji yake aliyewahi kuendesha lori, na pengine mzee mmoja wa heshima ili bei isemwe mbele ya shahidi. Fundi hufungua boneti, husikiliza injini, hulala chini kutazama kama kuna mafuta yanayovuja. Shemeji huzunguka nalo kidogo. Dalali huapa kwa kila kitu anachokijua. Mama anayeuza chai na maandazi pembeni humpa kila mmoja kikombe, na mara nyingi yeye ndiye anayejua gari lipi limekaa pale miezi mingi bila mteja. Wateja wengine hutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakizungumza Kinyamwanga sawasawa na wenyeji wao, kwa maana kabila hilo liko pande zote mbili, na mpaka uliwakuta hapo hapo walipo. Wabadilishaji fedha hawako mbali.

Hayo yote ni mema. Lakini tazama: watu wanne wamekagua chuma kwa saa mbili nzima, na karatasi zimetazamwa kwa dakika tano tu, wino ukiwa wa kupendeza na muhuri ukiwa mkubwa. Injini mbovu hutengenezwa. Gari ambalo forodha hailitambui halina fundi.

Inafaa tueleze tamaa hii inatoka wapi. Gari linaloingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake, ambao ndio kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Tanzania Bara ni asilimia 18, na ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini na umri wa gari. Ada nyingine ndogo ndogo nazo hazikosekani. Kwa gari kuukuu jumla yake huweza kukaribia bei lililonunuliwa Japan. Gari lipitalo halibebi mzigo huo. Mlanguzi akilizuia lisivuke, akalitafutia kadi ya gari jingine lililokufa, anaweza kuliuza kwa bei nafuu kuliko wenzake wote na bado akabaki na faida nono. Sheria ya forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, iko wazi kwamba mali isiyolipiwa ushuru yaweza kukamatwa na kutaifishwa. Siku gari litakapokamatwa mlanguzi hayumo garini. Aliyemo ni mwalimu wetu.

Kuna watakaosema kwamba dawa ni kuacha kununua magari makuukuu. Hoja hiyo haina uzito. Magari haya hutoka Japan kwa sababu inayoeleweka: huko gari jipya la kawaida hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi waone ni heri kuuza. Nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani ukiwa kulia. Mwananchi wa kipato cha kati hana mlango mwingine wa kupatia gari. Wazee wanazikumbuka enzi za miaka ya 1970, gari lilipopatikana kwa kibali, na waliokuwa nayo wakikatazwa kuyaendesha Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Milango ya biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Zamani mnunuzi alingoja sana lakini hakuishuku kadi aliyopewa. Leo hangoji, ila anauziwa na mtu asiyemjua.

Pale mpakani penyewe kazi imefanywa. Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019, na maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Lakini utaratibu wenyewe una mafundo. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Zambia haimo. Kwa hiyo gari liendalo Lubumbashi kwa njia hii hutoka katika Jumuiya kwa mlango wa Tunduma, likavuka nchi isiyo mwanachama, kisha likarudi ndani ya Jumuiya ile ile huko Kasumbalesa. Kila mlango una karatasi zake, na kila karatasi ni nafasi kwa mjanja.

Hatuwezi kuliacha pia jambo la madereva wa magari hayo, ambayo watu huyaita magari ya IT. Ni kazi ya jasho: mtu hushika usukani tangu pwani mpaka Tunduma, akakabidhi, akarudi na begi lake kwa basi. Kwa kutaka kuongeza chochote baadhi yao huokota abiria njiani. Polisi wamekataza mara nyingi, na wamekataza kwa haki. Gari lile halina leseni ya kuchukua abiria, na dereva hushindana na saa. Abiria hupata nauli nafuu na kiti kizuri; ajali ikitokea jamaa zake ndio watakaohangaika kutafuta nani alipe. Wenye mali wanaowalipa madereva ujira mdogo wasijifanye hawajui abiria hao wanatoka wapi.

Yuko msomaji wetu wa Unguja au Pemba atakayeuliza: Tunduma na sisi wapi na wapi? Jibu ni kwamba kisa hiki anakijua kwa sura nyingine. Mwenye gari la namba Z, aliyelipia kodi zote alizotakiwa kulipa visiwani, kwa miaka mingi ametakiwa kulipa tofauti ya kodi alipotaka kulihamishia Bara. Usajili wa vyombo vya moto umekuwa miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyojadiliwa mezani muda mrefu. Ipo hoja ya haki pande zote mbili, kwa kuwa pale viwango visipolingana bidhaa hufuata palipo nafuu, kama maji. Lakini raia anayetaka kununua gari la namba Z kwa ndugu yake aliye Dar es Salaam anastahili kujua, kabla hajatoa shilingi moja, kama gari hilo linadaiwa na linadaiwa kiasi gani. Bahari imempa mashaka yale yale ambayo mpaka umempa mkazi wa Tunduma.

Serikali haikosi vyombo. Deni la faini za barabarani linaweza kutazamwa kwa simu kwa kuandika namba ya gari. Bima nayo huhakikiwa vivyo hivyo. Mamlaka ya Mapato imeweka wazi kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Tunachokiomba ni jibu jepesi la swali moja zaidi, ambalo mnunuzi yeyote aweze kulipata papo hapo uani kwa namba ya chasisi: je, gari hili limelipiwa kodi hapa, au ni mpita njia? Asilazimike kuwa na jamaa ofisini ndipo aambiwe. Katika miji ya mpakani iwekwe meza ya uhakiki siku ya Jumamosi, kwa maana hiyo ndiyo siku wafanyakazi na wakulima wanapokwenda kutazama magari, na ofisi nyingi huwa zimefungwa.

Wenye yadi waaminifu, nao ni wengi, wangeipokea meza hiyo kwa mikono miwili, maana wanaoumizwa na bei za walanguzi ni wao kwanza. Kwa upande wake mnunuzi asilipe fedha zote kabla hajafuatana na muuzaji mpaka ofisi ya kodi na kuhamisha kadi kwa jina lake. Muuzaji anayesema leo ana haraka, basi na aende zake na gari lake.